Jiwe la Kupokezana

Siku hizi kijana akifika mji mpya kusoma, kabla hajatua begi ameshaita bodaboda. Akiikosa ananuna siku nzima. Mimi huwa natazama tu, maana nikifungua mdomo nitaambiwa mzee kaanza mambo yake. Haya, leo nimeanza. Nina jambo nimelibeba tangu mwaka tisini na sita na halijawahi kupungua uzito, na kama kuna mtu anadhani muda unasaidia, basi muda wake na wangu ni tofauti.

Naitwa Longinus, wa Kumsenga, Kibondo. Januari ya mwaka tisini na tatu nilipanda lori la mahindi kwenda Kasulu kuanza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa. Juu ya magunia nilimkuta kijana mwembamba amekumbatia godoro lililokunjwa, hataki hata upepo uliguse. Nikamsalimia kwa Kiha, akaitikia kwa Kiha chenye Kirundi ndani yake. Alikuwa Niyomwungere wa Mabamba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akazaliwa huku. Alikuwa anakwenda shule ileile, darasa lilelile. Kabla hatujafika Kasulu tulikuwa tumeshakubaliana kupanga chumba kimoja, na mimi nilikuwa nimeshalilalia godoro lake.

Chumba cha bei yetu hatukukipata mjini. Tulikipata kilomita kumi na moja nje, barabara ya kurudi Kibondo. Wiki ya kwanza tulikwenda kwa miguu. Tulifika shuleni tumechoka, na kipindi cha kwanza kilikuwa Historia, basi mimi Historia ya kidato cha kwanza naijua kwa kusinzia. Wiki ya pili tukajaribu lifti za malori. Utingo anakuangalia kiatu kwanza. Akiona kimechanika anagonga bodi, lori linaondoka. Kulikuwa na baiskeli za kukodi pale sokoni, kwa saa, lakini ukichelewesha mwenyewe anakufuata mpaka darasani. Baadaye mwaka ule wakimbizi walipomiminika, barabara ikajaa magari meupe ya mashirika yenye antena ndefu. Tukasema sasa tumepona. Wapi. Yalikuwa hayapakii mtu asiye wao. Tulichopata kwenye magari yale ni vumbi.

Tukaishi hivyo mpaka likizo ya mwezi wa sita, mwaka uliofuata. Niyo akaenda kwao, akarudi na baiskeli.

Ilikuwa Foniksi nyeusi, kuukuu, breki za vyuma, kengele haina. Baba yake, Mzee Ndayikunda, aliinunua kwa mavuno ya maharage ya msimu mzima na akaisindikiza mwenyewe juu ya lori mpaka kwenye chumba chetu. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akaishika rimu ya nyuma, akaizungusha tukaiona inavyoyumba kidogo.

"Rimu hii imeshawahi kupinda," alisema. "Ni ya mtu mmoja. Nikisikia mmepakiana, naifuata naiuza."

"Sasa wa pili atakwendaje, baba?" Niyo akauliza.

"Mtapokezana. Sisi tulipokuwa vijana tulikuwa watatu kwa baiskeli moja, mpaka Manyovu, na tulifika."

Akatueleza. Mmoja anaanza kwa miguu. Wa pili anaanza na baiskeli, anampita, anakwenda mpaka mahali mlipopatana, anaiacha pale na kuendelea kwa miguu. Yule wa nyuma akifika anaikuta, anapanda. Hakuna anayetembea njia nzima na hakuna anayechelewa. Niliona ni maneno ya wazee, lakini tulipojaribu ilikubali kabisa.

Mahali petu palikuwa kilomita ya tano, kwenye jiwe kubwa lililopakwa chokaa na watu wa barabara zamani. Hapo njia inagawanyika. Barabara ya magari inazunguka mlima kilomita sita mpaka mjini. Kwa mguu unashuka bondeni, unavuka kijito juu ya gogo, unatokea nyuma ya shule, nusu saa na dakika chache. Kwa hiyo wa baiskeli alizunguka na barabara, wa miguu alikata bondeni, na mara nyingi tulifika getini tumekaribiana hivi, tunacheka.

Baiskeli ilikuwa yake. Sikuwahi kumsikia akisema "baiskeli yangu". Alisema "ile yetu". Mimi nilileta pampu, viraka na saa. Saa ilikuwa ya plastiki, ya namba, baba yangu mdogo alinipa. Ndiyo iliyotuamsha, ndiyo iliyosema nani anachelewa. Niyo hakuwa na saa. Kila tukiachana barabarani aliniuliza saa ngapi, kisha akaibeba hiyo kichwani na kukisia.

Tulipokuwa kidato cha pili ikatokea siku cheni ikanikatikia kabla ya jiwe. Nikaingia ndani kijijini kwa fundi. Niyo akafika kwenye jiwe, hakuna baiskeli, akadhani nimeiacha kwingine, akashuka bondeni. Mimi nikatoka kwa fundi, nikaiacha kwenye jiwe nikijua anakuja nyuma, nikashuka bondeni vilevile. Ile yetu ikalala pale mchana kutwa haina mtu. Iliokolewa na mama mmoja, Mama Tunu, aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha karibu na pale. Aliivuta ndani ya kibanda chake, na tulipoirudia alitusema mpaka tukaona aibu.

Jioni ile tukaweka sheria. Niyo ndiye aliyeitamka: "Ukifika kwenye jiwe usiikute, usiondoke. Mwenzio bado ana shida nayo, anakuja. Ukishuka bondeni yeye akaja na barabara, mtapishana. Ngoja." Nikasema sawa. Tukapeana mikono kama wazee wa baraza. Kuanzia siku ile haikuvunjwa hata mara moja, miaka miwili na zaidi.

Sasa Niyo alitaka kusomea uganga. Uganga wa hospitali, sio ule mwingine. Kwao Mabamba zahanati ilikuwa mbali, na mama yake alifia njiani akiwa amebebwa kwenye machela. Hakulizungumza mara kwa mara. Alilisema mara moja, akiwa anachora moyo wa ng'ombe kwenye daftari la Bailojia, na mchoro ule ulikuwa mzuri kuliko wa kitabu. Bila Bailojia chuo cha uganga hakikuchukui. Hilo tulilijua wote, mimi kama yeye. Nalisema hapa ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Mtihani wa Bailojia wa kidato cha nne ulikuwa siku ya Alhamisi, mwezi wa kumi na moja, saa mbili kamili asubuhi. Sheria ya mtihani ikawa imebandikwa mlangoni wiki nzima: ukichelewa nusu saa, huingii.

Asubuhi ile mvua ilituamkia. Kila tukitaka kutoka inaongeza. Ilipopungua ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Zamu ya kuanza na baiskeli ilikuwa yangu. Niyo akavua viatu, akavifunga shingoni, akaniuliza saa ngapi, akaondoka karibu anakimbia.

Nilimpita baada ya kilima cha kwanza. Akainua mkono. "Usisahau kuiegemeza juu, chini kuna tope," akasema. Nikamjibu, "Sawa, daktari." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho kabla sijawa mtu niliye leo.

Nilifika kwenye jiwe saa moja kasoro dakika mbili. Kibanda cha Mama Tunu kilikuwa kimefungwa kwa mvua. Nikatazama bondeni. Kijito kilikuwa kimejaa, gogo linaonekana lakini maji yanalilamba. Wingu jipya lilikuwa limeshuka upande wa mjini. Nilishuka kwenye baiskeli, naapa nilishuka. Nikaiegemeza. Nikapiga hatua kama kumi kushuka, mguu ukateleza, nikakaa kwenye tope. Nikawaza: nikianguka kijitoni karatasi ya namba ya mtihani italowa. Nitachelewa. Nitafeli. Nyumbani wataniambia nini. Niyo hata sikumuwaza. Watu wakisimulia dhambi zao husema walipigana na moyo. Mimi moyo haukupigana. Nilirudi juu, nikapanda ile yetu, nikaondoka na barabara.

Njiani ndipo akili ilipoanza kunitafutia maneno. Nikajisemea nitaiacha mbele, kwenye daraja la mawe. Nikalipita daraja. Nikajisemea atakata bondeni, yeye ana miguu myepesi. Sheria niliijua, nikaisukuma pembeni. Atajiongeza tu, nikasema, mtu mzima yule.

Nilifika shuleni saa moja na dakika ishirini na tano. Nikasimama chini ya bati, nikafungua daftari. Sikusoma hata mstari. Nilikuwa nikiitazama saa. Nikapiga hesabu, na hesabu ile mpaka leo naweza kukupigia nikiwa usingizini. Kurudi kwenye jiwe kwa baiskeli, dakika ishirini na tano. Niyo angepanda, angefika saa mbili na robo. Mimi ningekata bondeni nikafika saa mbili na dakika ishirini na nane. Wote wawili tungeingia. Tungechelewa, tungelowa, tungesemwa na mwalimu, lakini tungeingia.

Dakika mbili za akiba kwa upande wangu. Zilionekana chache. Nikabaki chini ya bati.

Kengele ikalia, tukaingia. Mwalimu Hilali, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu na kuzoea baridi yetu kwa shida, akasoma majina. Akafika kwa Niyomwungere, akainua macho, akarudia. Wote wakanitazama mimi, maana ndiye mtu wake. Nikainamia dawati. Kila mara mlango ulipotikiswa na upepo nilijua ni yeye. Saa mbili na nusu ikapita. Swali la tatu lilikuwa kuchora moyo.

Nilipotoka nilimkuta amekaa chini ya ukuta wa ofisi, amelowa, viatu bado viko shingoni. Alifika saa tatu kasorobo. Mwalimu Hilali alitoka nje kumweleza mwenyewe, lakini sheria ilikuwa sheria. Nikasimama mbele ya Niyo. Baiskeli ilikuwa nyuma yangu, inaonekana wazi.

Nikasema, "Pancha. Kabla ya jiwe. Niliisukuma kwa fundi, nikatafuta njia ya mashambani, nikakukosa."

Akaitazama baiskeli. Akaangalia tairi la mbele, la nyuma. Kisha akanitazama mimi, suruali yangu ina tope la matakoni.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Na mtihani ulikuwaje?"

Nikamwambia ulikuwa mgumu. Hilo peke yake lilikuwa kweli.

Mitihani iliyobaki tulifanya. Tuliendelea kupokezana, na nilikuwa naiacha kwenye jiwe kila siku, nimeiegemeza juu, mbali na tope, naifuta na siti. Siku ya kufunga shule lori la Kibondo lilipokuja alikataa kuipakia. "Wewe unabaki kumalizia mtihani wa Jiografia ya vitendo," alisema. "Utatembeaje? Kaa nayo. Utaileta siku ukija Mabamba." Nikataka kumwambia pale pale. Utingo akagonga bodi, lori likaondoka, na mimi nikaona nafuu. Nimeona nafuu mara nyingi maishani na karibu zote zilikuwa za aibu.

Matokeo yalipotoka nilichaguliwa kwenda Tabora, kidato cha tano. Niyo alifaulu masomo mengine yote, na mahali pa Bailojia pakawa hapana kitu. Angeweza kurudia kwa kujitegemea. Lakini Mzee Ndayikunda alianza kuumwa mwaka uliofuata, na wadogo zake walikuwa wanne. Akaacha madaftari akashika shamba.

Barua nilimwandikia. Kama sita hivi. Katika kila moja niliandika habari za Tabora, joto lake, ugali wake mgumu, na katika kila moja nilifika mahali pa kusema, nikaandika wasalimie nyumbani. Alinijibu zote. Aliniita daktari, kwa utani, kana kwamba jina lile tumepokezana.

Mwaka tisini na tisa nilimaliza kidato cha sita. Nikarudi Kumsenga, nikaitoa ile yetu darini kwa mama, nikampelekea fundi Nestori airekebishe cheni na breki. Rimu aliniambia anaweza kuniuzia mpya. Nikasema aiache. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kurudisha kitu kilekile, angalau hicho.

Nilisafiri nayo juu ya lori mpaka Mabamba. Nilimkuta Niyo gulioni, anauza maharage na ndizi, mabega yamepanuka, ana mke aitwaye Ange na mtoto wa kike anayejifunza kusimama. Alinikumbatia akanisahau mikononi mwake. Tukaenda kwake nyumbani, Ange akatuletea ugali wa muhogo na maharage. Baba yake alikuwa amefariki miezi mitatu kabla, na hata hilo hakuwa ameniandikia, hakutaka kunivuruga kabla ya mtihani. 

Ange alipokwenda kuosha vyombo nikasema. Nilisema kwa Kiha, kwa sababu uongo niliutoa kwa Kiswahili. "Niyo, haikuwa pancha. Nilifika kwenye jiwe, nikaogopa, nikapita nayo."

Alikuwa anamchezesha mtoto magotini. Hakuacha kumchezesha.

"Najua," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Tairi. Udongo ulikuwa umelowa, Longi. Niliona ulipoiegemeza, nikaona ulipoteleza, nikaona alama inaondoka na barabara. Hata mtoto huyu angesoma."

Nikamuuliza lile nililoogopa zaidi. Kama alijua nimepita nayo, kwa nini hakukata bondeni. Kwa mguu angefika saa mbili hivi. Angeingia.

Akafikiri kidogo, kama mtu anayekumbuka bei ya zamani.

"Saa ulikuwa nayo wewe," alisema. "Nilisema, Longi akifika ataitazama, ataona muda bado upo, atarudi. Nikishuka bondeni atakuja asinikute. Ataanza kunitafuta, atachelewa yeye. Basi nikangoja."

Nililia. Mtoto akanishangaa, akaanza kulia na yeye, ikabidi Niyo atubembeleze wawili. Nikamwomba msamaha, akasema ameshasahau, na sikumwamini, na hakusisitiza. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Jioni lori la mwisho la Kibondo lilikuwa linakaribia kuondoka pale njia kuu, mwendo wa karibu kilomita mbili. Nikaaga. Niyo akaitoa ile yetu ukutani, akabonyeza matairi, akapanda. Akaipiga keria kwa kiganja.

"Kaa."

"Itapinda rimu," nikasema. "Mzee alikataza."

"Lori litakuacha. Kaa, Longi."

Nikakaa. Nilikuwa sijawahi kukaa pale, miaka yote ile. Akaanza kukanyaga, taratibu kwanza, kisha tukashika mwendo, mimi nimeshika shati lake mgongoni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kushika. Tulipanda kilima kimoja, tukateremka, tukapita kwenye mashimo mawili makubwa. Nilikuwa nasikiliza chini yangu. Rimu ilikuwa inayumba vilevile ilivyoyumba siku Mzee Ndayikunda alipoizungusha, kidogo tu, na ilitubeba wote wawili mpaka kwenye lori.